Filimbi Ndani ya Bitana

4 Februari

Wifi yangu,

Pokea kwanza salamu za nyumba nzima, tena usizile peke yako, mgawie na Mama. Mimi mzima, ukiacha macho, ambayo siku hizi yanataka uzi uwe mnene kama kamba ndipo yauone. Mwanangu mzima, anachomelea mageti ya watu huku geti letu wenyewe linaning'inia kwa bawaba moja. Mkewe naye mzima, na tumbo limeanza kuonekana. Hilo usimwambie Mama mpaka wenyewe waseme, maana akijua yeye, soko lako lote limejua. Cherehani yangu kubwa ilikufa kwa wiki mbili, ikafufuka kwa mafuta na matusi.

Sasa nije kwenye lililoniketisha. Ningepiga simu, lakini kwenye simu unaongea wewe, mimi nabaki na "eeh" na "kumbe".

Nataka kupanda mlima. Huu huu ulio nyuma ya mji, ambao nimeutazama kwa dirisha la karakana tangu nilipoolewa na kaka yako, Mungu amlaze pema. Watu huupanda asubuhi wakashuka jioni. Nataka kuupanda peke yangu, bila mtu mbele wala nyuma.

Yaliyonipata mwaka juzi kwenye njia ya nyuma ya tangi la maji unayajua. Wale wawili walinivizia, wakachukua walichochukua, na sitayasimulia tena. Ninachotaka ukijue ni kilichofuata. Tangu siku ile sijavuka geti peke yangu. Mwanangu hunipeleka karakana asubuhi na kunirudisha jioni kama mtoto wa chekechea. Hata dukani kununua vifungo nasindikizwa. Sioni haya kuogopa, wifi. Naona haya kuzoea kuogopa.

Wewe unauza viatu vya mitumba, na kwenye marobota yako hakuna kisichotoka. Nichagulie vifaa vya mtu anayetembea peke yake: viatu, na chochote cha kumlinda. Vya urembo usinitumie.

Wifi yako,
Fundi

27 Februari

Fundi wewe, wifi wa moto!

Salamu zimefika na nimezigawa, ingawa Mama anasema fungu lake lilikuwa dogo. Yeye mzima, jino moja tu linamsumbua yeye, na yeye anatusumbua sisi. Shemeji yako mzima, tumbo lake nalo limeanza kuonekana lakini halina habari njema. Biashara hivyo hivyo. Robota la juzi nililifungua kwa bismillahi na matumaini, nikakuta nusu yake ni viatu vyenye visu chini, vya watu wanaoteleza kwenye barafu. Nimefanikiwa kumuuzia muuza nyama jozi moja. Sijamuuliza ya nini.

Barua yako niliisoma mara tatu, nikidhani umekosea anwani. Mlima! Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe umeumwa, badala ya kushtuka unataka kwenda kuusuka ung'ongo mkeka ulalie! Na walisema pia, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nakukumbusha tu, sikukatazi.

Lakini mteja simrudishi. Ndani ya kifurushi kuna mabuti. Nimeyatafuta wiki mbili, kwa hiyo usiniambie rangi mbaya. Soli ina meno, na shingo inapanda mpaka juu ya kifundo cha mguu, ukikanyaga vibaya inakushika. Yajaribu jioni, wakati miguu imevimba kwa kazi, tena ukiwa na soksi nene. Kidole cha mkono kikiingia nyuma ya kisigino, saizi ni yako. Kikikataa, yarudishe, usijifanye mvumilivu. Katika kushuka mlima, kiatu kinachobana hung'oa kucha.

Usiende kokote kabla sijakutumia filimbi. Filimbi ndiyo kitu cha kwanza. Sauti yako itachoka, filimbi haichoki. Naitafuta nzuri.

Wifi yako wa sokoni

15 Machi

Wifi yangu,

Nakushukuru mpaka basi. Huku tunaendelea vizuri. Mkwe wangu anatapika asubuhi na kula jioni kama aliyetoka jela, kwa hiyo mjukuu yuko salama. Mwanangu amelitengeneza geti hatimaye, sasa halifungiki bila teke, lakini angalau limesimama.

Mabuti yamenikaa. Rangi ni mbaya kweli, lakini miguuni hayana mpinzani. Kidole kinaingia nyuma bila kuomba ruhusa.

Nami sikukaa bure. Nimejishonea begi la mgongoni, kwa turubai la kijani lililobaki kwenye kazi ya mahema. Wifi, laiti ungeliona! Nimeweka bitana ndani, na ndani ya bitana nimeficha mifuko. Kuna mfuko wa simu ambao hata anayeijua simu yangu hataupata. Kuna wa hela, na wa kitambulisho. Kuna mmoja mrefu, mwembamba, una zipu, juu ya zipu kuna kifuniko, na kifuniko kina kifungo na kulabu. Huo unaingoja filimbi yako. Ukilishika begi hujui kama lina kitu. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema mshono mzuri hauonekani, na kwa begi hili angenipa peremende.

Msalimie Mama. Mwambie asukutue kwa maji ya chumvi.

Wifi yako,
Fundi

20 Aprili

Wifi wangu Fundi,

Nisamehe kwa kukawia. Mama ameng'olewa lile jino. Alimng'ata daktari, tukaomba radhi, sasa wamekuwa marafiki na anataka kumtafutia mchumba. Habari ya mjukuu ameipata. Usiniulize ameipata wapi. Soko lote linakupongeza.

Vitu ndivyo hivi. Filimbi ya plastiki, rangi ya machungwa, haina ile kokwa ya ndani inayokwama ikilowa. Milio mitatu, unapumzika, milio mitatu tena, watu wa milimani wanajua hapo mtu anaomba msaada. Tochi ya kuvaa kichwani, ili mikono ibaki huru, na betri zake za akiba. Koti la mvua, jekundu. Najua hupendi nyekundu, lakini anayekutafuta porini ataipenda. Bendeji ya kufunga mguu ukiteguka, na fimbo inayojikunja.

Sasa nikuulize. Umeniandikia kuhusu mabuti, na bitana, na kulabu, na peremende. Umeyajibu yote ambayo sikuuliza. Mabuti hayo umeyatembelea wapi?

Hata hivyo, bado usiende. Nimesikia kuna king'ora kidogo cha mkononi, ukivuta pini kinalia mpaka mtaa wa tatu. Ningoje nikipate. Na baada ya hicho kuna dawa ya kupulizia ya pilipili, nayo naiulizia, lakini kwanza nijue kama sheria inairuhusu huko kwenu. Na mkanda wenye kung'aa usiku. Vikitimia, ndipo.

Wifi yako wa sokoni

9 Mei

Wifi,

Wote wazima. Mengine nitakueleza siku nyingine, leo nina hasira na furaha kwa pamoja na zote zinataka kupita mlango mmoja.

Uliuliza mabuti nimeyatembelea wapi. Nimeyatembelea kuizunguka meza ya kukatia vitambaa. Ndiyo, cheka. Kila jioni nikimngoja mwanangu aje kunichukua, nafunga mlango wa karakana, navaa mabuti, navaa begi, nazunguka meza. Wateja wa jirani wanadhani nimepata mashine mpya inayogonga. Mara mbili nilifika mpaka geti la nyumbani alfajiri, nikashika komeo, nikarudi kulala na mabuti miguuni.

Jumapili iliyopita nikamwambia mwanangu anifikishe mlimani na aondoke. Kwenye geti la msitu alitaka kubaki. Nikamwambia akibaki nitamshona mdomo. Akaondoka, nikapanda.

Nilifika kona ya tatu. Pale njia ina mawe yaliyolegea, na mimi nilikuwa natazama nyuma kila baada ya hatua mbili, kwa hiyo pa kukanyaga mbele nilipaona nimekwisha kanyaga. Mguu ukateguka. Buti lako lilinishika, la sivyo ningeuvunja. Nikakaa chini. Na hapo, wifi, nikasikia majani yanavunjika juu yangu. Hatua za miguu zaidi ya miwili.

Nikaitafuta filimbi. Kwanza nivue begi. Nifungue mfuko mkubwa. Nitafute bitana. Nitafute kifuniko. Kifungo hicho, kimekaza. Kulabu hiyo, ndogo, mimi mwenyewe niliichagua ndogo ili isionekane! Vidole vinatetemeka kama vya mlevi, na hatua zinakuja. Nikachukua mkasi wangu mdogo wa kazi ninaouning'iniza shingoni, nikapasua bitana yote, kazi ya wiki mbili, nikaitoa filimbi pamoja na nusu ya kitambaa, nikaitia mdomoni nikiwa tayari kuliliza bonde zima.

Wakatokea mbuzi watatu. Walinitazama, wakaona sina chumvi, wakapita.

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sikumbuki kipi kilianza. Kisha nikafunga mguu kwa bendeji yako, nikashuka taratibu kwa fimbo yako. Sikupiga filimbi wala simu. Nilishuka mwenyewe.

Nimejifunza hivi. Maisha yangu yote nimeficha mishono, nikadhani na kinga inafichwa. Nilificha vitu ili mwizi asivione, nikavificha hata mimi mwenyewe. Kitu cha kukuokoa lazima kionekane, mkono unaotetemeka ukifikie bila kuuliza. Nimelifumua begi lote. Filimbi sasa iko begani, kwenye mkanda, kwa uzi mwekundu, kila mwenye macho aione.

Hiyo ndiyo furaha. Hasira ni hii. Kila kifurushi chako kinakuja na "usiende bado". Mabuti, ngoja filimbi. Filimbi, ngoja king'ora. King'ora, ngoja pilipili. Wifi, unanilinda au unanichelewesha? Mimi nilijificha kwenye bitana, wewe unanificha kwenye vifurushi. Na ule msemo wako, kwamba kwa mwoga huenda kicheko: kwangu miaka miwili hii hakujaenda kicheko chochote. Kumekwenda ukimya tu, na hatua za mwanangu nyuma yangu.

Nijibu kweli.

Fundi

30 Mei

Wifi,

Mama anakusalimu.

Ni kweli. Nimekuwa nikikuchelewesha. King'ora nilikuwa nacho tangu Machi, kiko chini ya meza yangu, nilikuwa nakikalia kama kuku anayeatamia. Kila nilipotaka kukifunga nilikuona uko nyuma ya lile tangi, na mimi niko huku nauza viatu, sijui. Yaliyokupata siku ile niliambiwa kesho yake, kwa simu. Kaka yangu nilishamzika. Tulitoka tumbo moja sisi wawili tu, na baada yake hakubaki mtu ninayeweza kumtania kama nilivyokuwa namtania yeye, ila wewe. Niliogopa, basi. Si mlima, niliogopa simu ya kesho yake.

Lakini nimekaa nikafikiri. Kaka yangu alifia kitandani, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, komeo mbili. Hakwenda popote na bado akaenda. Kwa hiyo sina tena neno la kukuzuilia.

King'ora ninakutumia kwa kondakta wa basi la kesho. Kifunge kwenye mkanda wa begi, upande wa mkono usiobeba fimbo. Hiki ndicho cha mwisho. Pilipili siitafuti tena, maana upepo wa mlimani ungekurudishia machoni, ukashuka kipofu. Kilichobaki hakiuzwi sokoni kwangu: mwambie mwanao unapita njia ipi na utarudi saa ngapi, na akiona saa hiyo imepita, aje. Huko si kusindikizwa, ni kuacha neno tu. Maji beba mengi kuliko unavyodhani. Ukiona wingu jeusi, geuka, mlima hauhami.

Na usitazame nyuma kila hatua mbili. Simama, tazama kote mpaka uridhike, kisha tembea.

Nenda, wifi.

Wako wa sokoni

22 Juni

Wifi yangu, wifi wangu, wifi wa watu wote!

Sote wazima, mjukuu anapiga teke, geti linaning'inia tena. Nimemaliza salamu.

Nimepanda.

Mwanangu nilimwachia neno kama ulivyosema: njia ya upande wa mashariki, nitarudi kabla ya magharibi. Alikuwa na uso wa mtu anayepeleka ng'ombe wake mnadani, lakini alibaki nyumbani. Geti la nyumbani nililivuka mwenyewe. Komeo lilikuwa la baridi. Nikalifungua, nikatoka, na mtaa ulikuwa mtaa tu: mtu anafagia, mtu anapiga mswaki, jirani akanisalimu kama vile natoka kila siku.

Kona ya tatu nikaipita. Kila mara nilisimama, nikatazama kote mpaka nikaridhika, nikaendelea. Ile kona ya tatu nilikuwa nimeiona kubwa kumbe ni mawe machache yasiyo na adabu.

Juu yake, ambapo miti inaisha, nikawaona. Wanaume wawili, wamekaa kwenye jiwe kando ya njia. Wifi, sitakuficha, moyo ulitaka kushuka mlima bila mimi. Wawili, vile vile. Mkono wa kushoto ukashika pini ya king'ora, wa kulia ukapandisha filimbi mdomoni, na vyote viwili vilikuwa pale pale nilipovitaka. Nikasimama. Nikatazama nyuma yangu, njia ilikuwa wazi. Nikawatazama wao. Mmoja alikuwa anamenya yai.

Nikasema nisipite kimya kama mwizi, niwasalimu. Nikasahau filimbi iko mdomoni. Badala ya "habari zenu" ukatoka mlio uliowaamsha ndege wa bonde zima. Yule wa yai akaruka, yai likaserereka mpaka bondeni. Mwenzake akanyanyua mikono juu akasema, "Mama, tusamehe!" Sijui alikuwa anaomba msamaha wa nini, lakini nilimsamehe. Wakasimama kando wote wawili, wakanipisha. Nami nikapita katikati ya njia, taratibu, na nilipofika mbali kidogo nikacheka mpaka begi likatikisika.

Sijui kama unaelewa maana yake. Nilipishwa njia, wifi. Mimi.

Kileleni nilifika jua likiwa juu ya kichwa. Hakukuwa na mtu. Upepo ulivuma kiasi kwamba nilifunga koti lako jekundu mpaka kidevuni. Nikakaa chini, nikala, nikatafuta bati la karakana yangu, nikaliona. Kisha nikatafuta lile tangi la maji. Nililipata. Dogo kama subana, ningeweza kulivaa kidoleni nikashonea. Nikalitazama mpaka nikashiba. Nikasema kwa sauti yale yote niliyokataa kukuandikia, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka kitu, na upepo ukayachukua. Sasa ukiniuliza siku moja, nitakusimulia. Siyaogopi tena.

Nilifurahi, wifi. Sijui neno jingine. Nilifurahi nikapiga kelele kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Nilishuka na kucha zote kumi. Mwanangu alikuwa kizingitini, anajifanya anatengeneza bawaba. Akasema, "Umerudi?" Nikamwambia, "Nimerudi." Akaingia ndani haraka, akasema moshi wa kuchomelea umemwingia machoni. Mashine yake ilikuwa imezimwa.

Asubuhi ya leo nimekwenda karakana kwa miguu yangu. Nimepita njia ya nyuma ya tangi, maana ndiyo fupi.

Wifi yako,
Fundi

5 Julai

Fundi!

Barua yako imenikuta sokoni, asubuhi ya mnada wa marobota, watu wamejaa. Nilitaka kuisoma kimya kimya. Nilipofika "Nimepanda" nikapiga ukelele, jirani yangu wa mabegi akadhani nimeibiwa. Basi wakanitaka niisome kwa sauti. Nikapanda juu ya robota, nikaisoma yote, kuanzia geti mpaka tangi. Kwenye yai walicheka mpaka muuza nyama akaja na kisu chake kuuliza kuna nini. Kwenye tangi walisogea karibu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, akajifuta macho kwa pembe ya kanga akisema ni vumbi.

Nilipomaliza, alikuwepo mteja mmoja, mwanamume, amekuja kutafuta raba, habari hakuipata tangu mwanzo. Akauliza, "Samahani, huyo mama alikuwa na nani huko mlimani?"

Wifi, sikuwahi kujibu. Wauza mashati, wauza mabegi, wauza mapazia, wabeba mizigo, na Mama yetu mwenye pengo jipya, wote walimgeukia kwa pamoja, wakamjibu kwa sauti moja:

"Peke yake!"